Kutunza marekebisho ya picha kwa Git bila kujaza diski

Sendofu moja ya Moshi ikipigwa kwa kamera mbili, kuanzia saluni mpaka keki, hutoa picha 2,400 bila shida. Kwa kamera ya megapikseli 24, chukua faili ghafi (RAW) moja kuwa MB 28: kazi nzima inakula GB 67 hivi. Sasa chukua marekebisho yote yaliyofanywa juu ya picha hizo, yaani mwanga, rangi ya ngozi, kukata kingo, kunyoosha mstari wa upeo. Yakiandikwa kama maelekezo ya maandishi ya KB 12 kwa kila picha, hayafiki MB 29.

Kila kitu katika mwongozo huu kinatoka kwenye tofauti hiyo, na chombo chake ni Git, programu inayotunza kila toleo la mafaili ya maandishi. Faili ghafi halibadiliki, kwa hiyo halihitaji matoleo. Linahitaji kulindwa na kukaguliwa. JPEG ya mteja inaweza kutolewa upya wakati wowote. Kinachobadilika kila siku ni maelekezo, nayo ni mepesi kiasi cha kutunzwa kila hatua kwa miaka. Anayenakili folda nzima na kuiita `harusi_mwisho2` anatunza GB 67 mara ya pili kwa sababu ya mabadiliko ya MB chache, na mteja akirudi baada ya wiki tatu akitaka ngozi iwe kama kwenye picha za mwanzo, hakuna anayejua folda ipi ndiyo ya mwanzo.

Kati ya programu za kurekebisha picha ghafi, tutatumia darktable kama mfano mkuu, kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. RawTherapee na Lightroom Classic tutazigusa pale zinapotofautiana.

Maelekezo yanakaa wapi

Programu hizi hazigusi picha ghafi. Zinaandika faili dogo pembeni yake. Kwa picha `DSC_2381.NEF`, darktable huandika `DSC_2381.NEF.xmp`, ukitengeneza nakala ya pili ya picha hiyo ndani ya programu, linazaliwa `DSC_2381_01.NEF.xmp`. RawTherapee huandika `DSC_2381.NEF.pp3`. Lightroom Classic huandika `DSC_2381.xmp`, ikiondoa kiishio cha faili ghafi. Ingawa darktable na Lightroom zote zinatumia XMP, muundo wa maandishi wa kuhifadhi taarifa za picha, usitarajie marekebisho ya moja yafunguke sawasawa kwenye nyingine: nyota na maneno ya utambulisho huvuka vizuri, hesabu za rangi ni habari nyingine.

Pamoja na mafaili hayo, kila programu ina hifadhidata yake. Darktable ina `library.db` na Lightroom ina katalogi ya `.lrcat`, na zote mbili ni SQLite. Usiziweke kwenye Git. Hubadilika kila unapofungua programu, hazisomeki kwa jicho, na watu wawili wakizibadilisha kwa wakati mmoja hakuna njia ya kuziunganisha. Zinakiliwe kwenye chelezo ya kawaida, basi.

Kwa Lightroom Classic kuna kazi ya ziada, kwa sababu yenyewe hutegemea katalogi kwanza. Fungua mipangilio ya katalogi, upande wa metadata, uwashe uandishi wa moja kwa moja wa XMP. Au chagua picha ubonyeze Ctrl+S. Hata hivyo historia ya hatua, nakala pepe na makusanyo hubaki ndani ya katalogi tu, hayaingii kwenye XMP.

Majina kwanza, kabla ya kufungua programu yoyote

Hatua hii inarukwa mara nyingi, na ndiyo inayoleta hasara isiyoonekana mapema. Kamera nyingi huhesabu mpaka 9999 kisha huanza upya. Kamera mbili kwenye harusi moja zinaweza kutoa `DSC_2381.NEF` mbili. Faili la pembeni halijui picha yake kwa sura, linaijua kwa jina. Ukichanganya folda, maelekezo ya picha ya bibi harusi chini ya taa za ukumbini yatakaa juu ya picha ya wazee waliokaa nje kwenye jua la saa nane, na hakuna onyo litakalotokea.

Mpe kila kamera herufi yake, uongeze tarehe, ubakize namba ya asili:

```
exiftool -d 'A_%Y%m%d_%%f.%%e' '-FileName<DateTimeOriginal' kamera-a/
```

Hapo `DSC_2381.NEF` inakuwa `A_20250614_DSC_2381.NEF`. Kamera ya pili iwe B. Namba ya asili inabaki kwa sababu picha za mfululizo, mfano duma anayekimbia, hupigwa kadhaa ndani ya sekunde moja, na saa peke yake haiwezi kuzipanga. Amri hii iendeshwe mara moja tu. Ukiirudia itabandika herufi na tarehe mara ya pili. Kwenye Windows itumie ndani ya Git Bash, maana dirisha la amri la kawaida husoma alama ya asilimia na nukuu kwa namna nyingine.

Baada ya kupanga majina, funga mafaili ghafi yasiandikike. Linux na Mac: `chmod a-w *.NEF`. Windows: `attrib +R *.NEF`. Kisha chukua alama ya sha256 ya kila moja, yaani mfululizo wa herufi unaobadilika faili likiguswa hata kidogo:

```
find . -type f -iname '*.NEF' -print0 | sort -z | xargs -0 sha256sum > ALAMA.sha256
```

Faili hilo la alama litaingia kwenye Git. Lina mstari mmoja kwa kila picha, na siku yoyote ukiwa na shaka na diski unaandika `sha256sum -c --quiet ALAMA.sha256`. Ikinyamaza, kila picha iko kama ilivyotoka kwenye kadi. Ikitaja jina, picha hiyo imeguswa au diski imeanza kuoza, na unaijua kabla nakala mbovu haijanakiliwa juu ya nzima.

Kuandaa ghala

Ghala ni folda ambayo Git inatunza historia yake. Fungua ghala moja kwa kila kazi: sendofu moja, safari moja, mbio moja. Ghala moja la studio nzima linaonekana rahisi mwanzoni, lakini kazi ya mteja mmoja ikihitaji kupelekwa au kufutwa, inabidi uibebe na historia ya wateja wote.

```
git init -b main
```

Kwa kuwa mafaili ya pembeni yanakaa folda moja na picha ghafi, Git lazima iambiwe iache kila kitu isipokuwa vichache. Andika `.gitignore` hivi:

```
*
!*/
!*.xmp
!*.pp3
!*.dtstyle
!*.cube
!*.svg
!ALAMA.sha256
!SOMA.txt
!.gitignore
!.gitattributes
```

Mstari wa kwanza unakataa vyote. Wa pili unaruhusu Git iingie ndani ya folda. Ukiusahau, faili lolote lililo kwenye folda ya ndani halitaonekana hata kama aina yake imeruhusiwa. Njia hii ya kukataa kwanza ni salama kuliko kuorodhesha usivyovitaka, kwa sababu siku mwenzako akileta kamera yenye ARW, aina nyingine ya faili ghafi, au akimwaga video kwenye folda hiyo, hakuna kinachoingia kwa bahati mbaya. Git ikishameza faili la MB 28, kulifuta baadaye hakupunguzi ghala: linabaki kwenye historia. Na seva ya GitHub hukataa faili lolote linalozidi MB 100.

Kisha `.gitattributes`:

```
*.xmp text eol=lf -merge
*.pp3 text eol=lf
```

`eol=lf` inazuia kompyuta ya Windows na ya Linux zisibadilishane miisho ya mistari, jambo linalofanya faili zima lionekane jipya ilhali hakuna kilichoguswa. Neno `-merge` kwenye XMP tutalieleza mbele, lakini liweke tangu siku ya kwanza.

Mpangilio mmoja wa darktable unaobadilisha kila kitu

Ndani ya XMP ya darktable, kila moduli (chombo kimoja cha kurekebisha) ina sehemu ya `darktable:params`, na hapo namba zake huandikwa kwa heksadesimali. Mwanga wa EV 1 (EV ni kipimo cha mwangaza) huandikwa `0000803f`. Ukiushusha hadi nusu unakuwa `0000003f`. Ni herufi 8 kwa kila namba ya desimali ya biti 32, na herufi nyingine zote za moduli hiyo hubaki palepale.

Git hufaidika sana na hali hiyo. Mwanzoni huhifadhi kila toleo la faili zima likiwa limebanwa, lakini inapofungasha ghala hutafuta mafaili yanayofanana na kuandika tofauti tu. XMP mbili zinazopishana herufi chache huchukua nafasi ya moja na punje.

Tatizo ni kwamba darktable kwa kawaida hubana yenyewe sehemu zilizo ndefu. Utazitambua: badala ya mfululizo wa heksadesimali, zinaanza na `gz`. Hapo namba moja ikibadilika katikati, karibu herufi zote zinazofuata hubadilika nazo. Git haioni tena kufanana, na kubana kwake juu ya kilichokwisha kubanwa hakupunguzi chochote. Faili moja moja linakuwa dogo, ghala zima linakuwa kubwa, na `git diff` haikuambii kitu.

Nenda kwenye mapendeleo ya darktable, sehemu ya uhifadhi, penye maneno `store XMP tags in compressed format`, uchague `never`. Mafaili ya zamani hayabadiliki hapo hapo. Rudi meza ya picha (lighttable), chagua zote, na kwenye moduli ya historia bonyeza kitufe cha kuandika mafaili ya pembeni.

Ubanaji huo uliwekwa kwa sababu. Darktable inaweza kupachika historia ya marekebisho ndani ya JPEG inayotolewa, na XMP ndani ya JPEG ina nafasi ya KB 64 tu kwa kawaida. Kwa hiyo ukichagua `never`, zima pia kupachikwa kwa historia wakati wa kutoa picha. Mteja haihitaji, na wewe unayo kwenye Git.

RawTherapee haina shida hii hata kidogo. Faili la `.pp3` ni maandishi matupu:

```
[Exposure]
Compensation=0.45

[White Balance]
Setting=Custom
Temperature=5120
```

Anayefanya kazi na wenzake wengi na anayetaka kusoma tofauti kwa macho, RawTherapee ndiyo yenye faili safi kuliko zote tatu. Hakikisha tu kwenye mapendeleo kwamba maelekezo yanahifadhiwa pembeni ya picha, si kwenye akiba ya programu peke yake.

Maski, na kwa nini faili moja linafika mamia ya KB

KB 12 ni ya picha iliyorekebishwa kwa kawaida. Picha yenye maski za brashi, yaani maeneo ya kurekebishwa yaliyochaguliwa kwa kupakwa, ni jambo jingine. Kila mpako wa brashi ni mlolongo wa nukta, na kila nukta ina mahali, upana na ugumu wake. Mbaya zaidi, kila hatua ya historia inayogusa maski hubeba tena maumbo yaliyokuwepo. Ukipaka, ukafuta, ukapaka tena mara thelathini, faili linabeba safari yote hiyo.

Kuna mambo matatu ya kufanya. Kwanza, tumia umbo jepesi linalotosha. Anga juu ya Kibo hutengwa vizuri kwa mteremko mmoja au kwa maski inayofuata rangi na mwanga, ambayo ni namba chache tu. Uso wa mtu hutoshwa na duaridufu. Brashi ibaki kwa kingo zilizovunjika, kama shungi au majani ya mgomba mbele ya mtu. Pili, ongeza kiwango cha kulainisha mipako ya brashi kwenye mapendeleo: kikiwa juu, nukta zinapungua. Tatu, kabla ya kuandikisha toleo kwenye Git (commit), finya historia. Darktable ina kitufe hicho kwenye chumba cha giza (darkroom), na kwenye meza ya picha unaweza kufinya picha nyingi kwa pamoja. Kinafuta hatua zilizofunikwa na hatua za baadaye na kubakiza hali ya mwisho ya kila moduli. Sura ya picha haibadiliki. Historia ya ndani huihitaji tena, kwa sababu kazi ya kukumbuka sasa ni ya Git.

Kuondoa madoa ya vumbi la kihisi ndiko kunakopasua mafaili kimyakimya. Siku tatu za Tarangire wakati wa kiangazi, kwa kubadili lenzi garini, zinatosha kuacha madoa arobaini kwenye kila anga. Mtu akiyaondoa kwenye picha moja kisha akabandika historia hiyo kwenye picha 600, kila faili linapata maumbo arobaini. Yabandike tu kwenye picha zenye anga wazi au ukungu. Kwenye nyasi na miti hakuna anayeyaona. Na safisha kihisi.

Kuandikisha matoleo

Mzunguko wa kila siku ni mfupi:

```
git add -A
git status --short
git commit -m "Meza kuu: punguza nyekundu ya zulia kwenye ngozi, picha 84"
```

Soma `git status` kabla ya kuendelea. Ukiwa umerekebisha picha 84 na orodha inaonyesha 900, kuna kitu kimeandika upya mafaili yote. Mara nyingi ni alama za muda: darktable huweka ndani ya XMP wakati picha ilipobadilishwa na ilipotolewa kama JPEG, hivyo kutoa picha zote kwa mteja huweza kugusa mafaili yote. Si kosa, ila toleo la namna hiyo liandikishwe peke yake, lenye ujumbe wa "kutoa JPEG tu", lisichanganywe na kazi ya rangi.

Ujumbe useme ni nini kimebadilika na kwa nini. Programu inajua kwamba joto la rangi lilikwenda 5120. Haijui kwamba mama mzazi alilalamika kitenge chake kimekuwa cha rangi ya chungwa. Siku ya kukabidhi, weka lebo: `git tag -a albamu-1 -m "Picha 180 zilizokwenda kuchapwa"`. Lebo hiyo ndiyo itakayokuonyesha kilichochapwa, hata marekebisho yakiendelea.

Kurudisha picha moja tu:

```
git log --oneline -- A_20250614_DSC_2381.NEF.xmp
git restore --source=albamu-1 -- A_20250614_DSC_2381.NEF.xmp
```

Darktable iwe imefungwa unapofanya hivyo. Ikiwa wazi, inaweza kuandika tena toleo lililo kwenye hifadhidata yake juu ya faili ulilorudisha, na utadhani Git imekudanganya. Washa pia chaguo la kutafuta XMP zilizobadilika programu inapoanza. Ukiifungua itaonyesha orodha ya picha ambazo faili lake ni jipya kuliko hifadhidata. Chagua kufuata faili.

Orodha hiyo hutegemea saa. Kompyuta ya mezani yenye betri ndogo iliyokufa, umeme ukikatika, huamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Mafaili yaliyorudishwa hapo huonekana ya zamani na darktable haiyatambui kabisa. Rekebisha saa kwanza. Ikiwa umechelewa, chagua picha na utumie kitufe cha kupakia faili la pembeni, kilicho kwenye moduli ileile ya historia.

Kuhusu matawi ya Git, yaani mikondo sambamba ya matoleo, tuna msimamo: usitumie tawi kwa ajili ya picha ya rangi na ya nyeusi-na-nyeupe. Mteja atazitaka zote mbili kwa pamoja, na tawi hukuonyesha moja tu kwa wakati. Tumia nakala ya ndani ya darktable, ile yenye `_01`. Tawi lifae pale unapojaribu mwelekeo mwingine wa kazi nzima, ambao huenda ukautupa.

Watu wawili, miji miwili

Mmoja yuko Njiro, Arusha, mwingine Moshi, na kati yao kuna barabara ya kilomita 80 hivi. GB 67 kwa bando la simu hazipandi kwa usiku mmoja. Picha ghafi zisafiri mara moja kwa diski, na diski hiyo ibebe folda nzima pamoja na `.git` iliyofichwa ndani yake. Akipokea, aendeshe `sha256sum -c` kabla ya kufuta chochote kwenye kadi. Kuanzia hapo yanayosafiri ni maandishi tu.

Kama mna seva ya Git ya faragha, `git push` na `git pull` zinatosha. Kama hamna, Git inaweza kufungasha mabadiliko kuwa faili moja la kutuma kwa barua pepe au kwa simu. Mtumaji aweke lebo siku diski inapoondoka, kisha kila mara afungashe kilichoongezeka tu:

```
git tag imetumwa-01
git bundle create kazi-02.bundle imetumwa-01..main
git tag imetumwa-02
```

Mpokeaji:

```
git bundle verify kazi-02.bundle
git pull kazi-02.bundle main
```

`verify` ikisema inakosa toleo fulani, kuna kifurushi kilichorukwa. Aombe kile cha nyuma yake.

Sasa lile neno `-merge`. Watu wawili wakigusa picha moja, Git hujaribu kuchanganya mistari ya pande zote. Kwa `.pp3` matokeo mara nyingi yana maana, kwa kuwa mizani ya weupe iko sehemu yake na mwanga uko sehemu yake. Kwa XMP ya darktable ni hatari: hatua za historia zina namba za mfuatano, na hesabu ya mwisho wa historia imeandikwa mahali pengine. Mchanganyiko unaweza kuwa na hatua mbili zenye namba moja, faili likafunguka bila kulalamika huku picha ikiwa si ya yeyote kati yenu. `-merge` inailazimisha Git isimame na kuuliza. Chagua upande mmoja mzima:

```
git checkout --theirs -- A_20250614_DSC_2381.NEF.xmp
git add A_20250614_DSC_2381.NEF.xmp
```

au `--ours` kwa upande wako, kisha `git commit`. Dawa bora zaidi ni kugawana picha mapema: mmoja achukue kamera A, mwingine B. Majina yenye herufi yanasaidia hapa pia.

Matoleo ya programu yalingane. Kila moduli ya darktable ina namba ya toleo lake ndani ya XMP. Moduli ya sigmoid, kwa mfano, ilikuja na darktable 4.2 mwishoni mwa 2022. Kompyuta yenye 4.0 haiwezi kuitekeleza na picha itatoka na sura tofauti. Andika kwenye `SOMA.txt` toleo la programu, na mkubaliane msipandishe katikati ya kazi.

Vitu ambavyo XMP huvitaja bila kuvibeba

Nembo ya studio ni faili la SVG kwenye folda ya `watermarks` ya mipangilio ya darktable. XMP ina jina lake tu. Jedwali la rangi la `.cube` liko kwenye folda yake, XMP ina njia ya kulifikia tu. Urekebishaji wa lenzi unaotumia Lensfun unategemea orodha ya lenzi iliyoko kwenye kompyuta husika. Ndiyo maana `.cube`, `.svg` na mitindo ya `.dtstyle` imeruhusiwa kwenye `.gitignore`: nakili unavyovitumia ndani ya ghala, na `SOMA.txt` ieleze virudishwe wapi. Ukiyasahau haya, miaka miwili baadaye maelekezo yatakuwa kamili na picha haitatoka vilevile.

DNG, TIFF na kazi za pikseli

Lightroom ikikutana na DNG, JPEG au TIFF haiandiki faili la pembeni. Huandika maelekezo ndani ya picha yenyewe. Sogeza mwanga kidogo, na faili la makumi ya MB limekuwa jipya machoni pa Git na pa chelezo, na alama yake ya sha256 imevunjika. Baki na NEF, CR3 au ARW kama zilivyotoka kwenye kamera. Kama picha zilizaliwa DNG, kama za simu, zima uandishi wa moja kwa moja au zishughulikie kwa darktable, ambayo huziwekea faili la pembeni kama nyingine zote.

Kusafisha ngozi kwa undani au kuondoa nguzo nyuma ya maharusi hulazimisha GIMP au Photoshop. TIFF ya biti 16 ya megapikseli 24, isiyobanwa, ni MB 144 kabla ya leya yoyote. GIMP 3.0 ya 2025 ilileta vichujio visivyoharibu picha, lakini faili lake bado limebeba pikseli. Git LFS, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa, huweka kwenye ghala kielekezi cha mistari mitatu na kupeleka faili lenyewe pembeni. Hata hivyo kila toleo ni nakala nzima, kwa hiyo uzito umehamishwa, haujapungua. Fanya rangi zote kwanza kwenye faili ghafi, toa TIFF ukiwa umeridhika, isafishe, na utunze TIFF moja ya mwisho nje ya Git ikiwa na mstari wake kwenye `ALAMA.sha256`.

Diski, umeme, na mahali

Diski ya nje yenye exFAT haihifadhi umiliki wala ruhusa za mafaili. Git tangu 2022 hukataa kufanya kazi kwenye folda ambayo haiutambui umiliki wake; iruhusu kwa `git config --global --add safe.directory` ikifuatiwa na njia ya folda. Ongeza `git config core.fileMode false`, la sivyo mafaili yote yanaweza kuonekana yamebadilika kwa sababu ya ruhusa tu.

Umeme ukikatika Git ikiwa inaandika, huenda vikabaki vipande vitupu na ujumbe wa `object file is empty`. Usiendelee kuandikisha. Nakili folda ya `.git` pembeni, futa vitupu kwa `find .git/objects -type f -empty -delete`, endesha `git fsck`, halafu vuta kilichopungua kutoka kwa mwenzako au kwenye diski ya pili. XMP zilizo kwenye folda ya kazi hazijaguswa na hatua hizo, kwa hiyo cha kupotea ni ujumbe wa toleo la mwisho, si kazi.

Ghala la picha za wanyama liwe la faragha, na hili tunalisisitiza. Ukipanga picha kwenye ramani ndani ya darktable, latitudo na longitudo huandikwa ndani ya XMP kama maandishi ya wazi. Picha ya faru wa Ngorongoro au Mkomazi ikiwa na faili hilo kwenye ghala la umma, umemchorea jangili njia. Kabla ya kupeleka popote, tafuta:

```
grep -rl --include='*.xmp' GPSLatitude .
```

Jina lolote likitokea, ondoa mahali ndani ya darktable, andika upya faili la pembeni, na kama toleo lenye mahali limekwisha kuandikishwa, anzisha ghala jipya kwa ajili ya umma. Kufuta kwenye toleo la leo hakufuti ya jana.

Mara moja kwa mwezi, chukua picha tatu za kazi iliyokabidhiwa, funga darktable, urudishe XMP zake kutoka kwenye lebo kwenye folda ya majaribio pamoja na nakala za ghafi, uzitoe kwa amri:

```
darktable-cli A_20250614_DSC_2381.NEF A_20250614_DSC_2381.NEF.xmp jaribio.jpg --width 2048 --height 2048
```

Zifungue sambamba na JPEG alizopewa mteja. Zikitofautiana rangi, anza kuangalia toleo la programu, kisha faili la `.cube`, kisha Lensfun.